Uzi Mweupe Kwenye Feni ya Kadi

Uzi ulikuwa mweupe, wa kufumia vitambaa, mrefu kama kiganja changu. Fundi aliushika kwa kibano, akauvuta taratibu kutoka kwenye mhimili wa feni, ukatoka umejisokota. Ncha yake moja ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Akauweka juu ya kipande cha gazeti mbele yangu.

"Dada, hii kadi mlikuwa mnafumia?"

Kwa miezi miwili nilikuwa nimemdharau shemeji yangu kwa kosa la kuiua kadi ile, na dharau hiyo nilikuwa nimeitunza vizuri, kwa siku na saa, ndani ya daftari lililokuwa kwenye mkoba wangu.

Kadi ilikuwa ya mdogo wangu, anayeishi Uyole, Mbeya, na kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Zamani mteja aliletewa mistari kwenye karatasi akaridhika. Wa siku hizi haridhiki. Anataka aione nyumba yake imesimama, ina bati jekundu, ina gari asilokuwa nalo limeegeshwa mlangoni, na bustani ya majani yasiyoota kwao. Kutengeneza picha ya namna hiyo wenyewe wanaita kurenda, na kompyuta ya kawaida hurenda picha moja kutwa nzima, tena ikihema. Kwa hiyo mdogo wangu alinunua kadi ya grafiksi, kitu kizito kama tofali dogo, chenye feni mbili, kinachochomekwa ndani ya kompyuta na kuifanya kazi hiyo kwa dakika arobaini. Ilitoka dukani Dar es Salaam ikiwa na dhamana ya mwaka mmoja: ikifa yenyewe, duka linatoa nyingine; ikiuliwa na mwenyewe, shauri yake. Hakuwa na uwezo wa kununua ya pili. Bila kadi angerudi kwenye mistari, na wateja wa mistari Mbeya walikuwa wamekwisha.

Shemeji, mume wake, anauza pembejeo. Ni mtu mwenye majibu. Ukimwuliza njia anakueleza gari. Kuhusu kompyuta alikuwa ameelimishwa na kundi la wanaume kwenye simu ambao hujiita wataalamu, na ambao, kwa kadiri nilivyosoma maandishi yao nikichungulia juu ya bega lake, hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika "sijui".

Mwezi wa sita nilikuwa Mbeya kwa kazi zangu za kuandika habari, nikafikia kwao. Jioni umeme wa mtaa ule hulegea, kwa sababu kila nyumba inapika na kuchemsha maji ya kuoga kwa wakati mmoja. Taa zinakuwa za njano, na siku ile kompyuta ilizima na kuwaka yenyewe mara mbili. Shemeji alifurahi kama mtu aliyepata ushahidi.

"Shemeji, unaona? Umeme wa hapa jioni mchovu. Hii kadi inashinda njaa. Nimeiongezea."

"Umeiongezea nini?"

"Volti. Na mwendo kidogo. Mahindi ukiyanyima mbolea utavuna nini?"

Vijana wa kompyuta wanaita kuovakloki: kuilazimisha kadi ikimbie kuliko ilivyopimiwa kiwandani, na ikianza kuyumba unaiongezea volti ili isimame. Alifanya hivyo kwa programu ya bure, kwa kusogeza mshale kwenye kioo. Nilimweleza kwamba umeme wa ukutani na volti za ndani ya kadi ni vitu viwili. Kwamba katikati kuna kisanduku kinachoupokea umeme wa ukutani, uwe mzima au mchovu, na kuugeuza kabla haujaigusa kadi. Na kwamba umeme ukilegea kisanduku ndicho kinachoshindwa, si kadi. Kuiongezea kadi volti kwa sababu taa ya sebuleni ni hafifu ni sawa na kumnywesha mgonjwa maji kwa sababu bomba la jirani limekauka.

"Hayo ya vitabuni," alisema. "Sisi tuko field."

"Na joto je? Ukiongeza volti unaongeza joto."

"Joto!" Aligeuka akamtazama mke wake ili acheke naye. "Mwezi wa sita, Uyole? Hii kadi itatuomba sweta."

Kesho yake nilipita dukani kwake, nikamkuta anamhudumia mama mmoja mkulima. Alikuwa ameshika kizibo cha soda. "Kizibo kimoja, mama. Kimoja kwa shimo, na usiiweke juu ya mbegu. Ukizidisha itaungua, halafu uje kuniambia nimekuuzia mbolea feki." Mama akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nilitazama kile kizibo, nikamtazama shemeji. Hakuona uhusiano wowote, na mimi sikumsaidia.

Matokeo ya utaalamu wake aliyapima mwenyewe kwa saa ya simu. Picha iliyokuwa inachukua dakika arobaini ikachukua thelathini na saba. Dakika tatu. Mdogo wangu alizitumia dakika hizo tatu kumsikiliza mumewe akieleza jinsi alivyozipata.

Mwezi wa nane kanisa lao la Kilutheri lilikuwa na sikukuu ya mavuno, nami nikarudi Mbeya, na mama yetu akasafiri kutoka Iringa kuja kuhudhuria. Alifika Alhamisi. Kwenye daftari langu, ambalo baadaye nililigeuza kuwa jalada la kesi, siku hiyo ina maneno matatu tu: "Alhamisi. Mama amefika." Ningekuwa nasahihisha kazi ya mwandishi mwingine, ningemrudishia sentensi hiyo na kumwuliza: amefika na nini?

Alifika na begi la vitambaa. Mama yetu hufuma. Kikundi chao cha akina mama hukutana na kufuma, na anachofuma lazima kipate kitu cha kufunika. Nyumbani kwake Iringa redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa chenye kona zinazoning'inia, na ndoo ya maji ya kunywa ina chake chenye shanga pembeni ili nzi asikiinue. "Kitu cha thamani hakikai uchi," husema. Sisi tumekulia humo. Ukikulia kwenye nyumba ya vitambaa, macho yako huviruka.

Jumapili asubuhi mdogo wangu aliwasha kazi ya mkulima mmoja wa mpunga wa Madibira, picha nane za nyumba ya vyumba vinne ambayo ndugu zake walitaka kuiona kabla hawajakubali msingi uchimbwe. Alihesabu kwamba tukirudi zitakuwa tayari. Tuliondoka saa mbili.

Ibada ilikuwa ndefu, lakini mnada wa mavuno ndio uliokula siku. Boga moja lilinunuliwa, mnunuzi akalitoa tena sadaka, likanunuliwa tena, na kila lilipouzwa mzee wa kanisa alilinyanyua juu kama hatujawahi kuliona. Shemeji alishindania jogoo na mwalimu mmoja mpaka watu wakapiga vigelegele, akamshinda, akajiona ameshinda kitu. Mama alichoka na magoti, akachukua ufunguo akatangulia nyumbani. Sisi tulifika saa nane, karibu saa moja baada yake.

Mama alikuwa jikoni, maji ya ugali yanachemka. Chumba cha kazi kilinuka kama ndoo ya plastiki iliyosogezwa karibu mno na jiko. Kioo kilikuwa cheusi. Mdogo wangu alibonyeza hiki na kile, akachomoa, akachomeka, akakaa kwenye kiti bila kuvua kitenge cha kwaya.

"Umeiua," alimwambia mumewe.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na jogoo kwapani. "Ni umeme."

"Umeme? Friji inanguruma hiyo, unaisikia?"

"Basi labda ulikatika ukarudi."

"Ukarudi ukachagua kadi?"

"Wanangu," mama alisema kutoka jikoni, "msigombane siku ya Bwana." Hakutoka nje ya jikoni kulisema.

Kompyuta iliwaka tulipotumia njia nyingine isiyopitia kadi. Picha tatu kati ya nane zilikuwa zimekamilika. Ya nne haikuwepo. Niliandika yote hayo usiku uleule.

Mdogo wangu alipiga simu dukani. Kijana aliyepokea alianza kwa kumwuliza kama alikuwa anachezea gemu, na alipoambiwa ni kazi ya ramani alisema, "Huko mikoani umeme wenu ndio tatizo," kwa sauti ya mtu ambaye amefika mikoani kwa kuisoma kwenye bahasha. Akatuma fomu. Maswali mawili ndiyo yaliyokuwa na uzito. Je, kadi iliongezewa volti au mwendo? Je, ilitumika mahali ambapo hewa ilizuiwa? Ukijibu ndiyo kwa lolote, dhamana imekufa pamoja na kadi.

"Andika hapana," shemeji alisema. "Nimesharudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Hawawezi kujua."

"Mimi nitajua," mdogo wangu alisema. "Na jina langu ndilo litakaa chini."

"Lakini si imekufa kwa joto tu au kwa umeme? Volti niliyoongeza ni kidogo. Kama haikuua, kuna haja gani ya kuitaja?"

Lilikuwa swali la kijinga lililovaa nguo za swali zuri, na mdogo wangu akalishika. Kama volti haikuiua, aliona, angeweza kuandika barua ya ukweli yenye maelezo na kuomba wamfikirie. Kama volti ndiyo iliyoua, angekubali hasara na kufunga kazi. Alitaka kujua. Kwa hiyo nilibeba kadi ndani ya boksi la viatu kwenda Iringa, kwa fundi ninayemwamini. Ukweli ni kwamba mimi sikwenda kujua. Nilikwenda kupata saini ya mtaalamu chini ya hukumu niliyokwisha kuiandika.

Fundi yule aliwahi kufanya kazi ya mota za umeme kwenye kiwanda cha karatasi, Mgololo, kabla ya kufungua meza yake mjini. Ana dharau kuliko mimi, na ndiyo sababu namwamini. Alisikiliza habari za shemeji kwa kufumba jicho moja.

"Watu wa volti," alisema. "Kiwandani walikuwepo pia. Sikiliza. Joto, kadi inalijua. Ina kipimo ndani: ikipata moto inapunguza mwendo, ikizidiwa inazima. Volti ikizidi, hakuna anayeiambia kadi. Inakula njia za ndani kidogo kidogo, na ikiwa na joto inakula haraka. Mota nilizozika mimi, nyingi ziliuawa na vyote viwili, na kila mtu alitaja kile ambacho si kosa lake."

"Kwa hiyo ni volti."

"Sijasema. Nimesema subiri."

Alipima kwa muda mrefu. Njia za umeme za kadi zilikuwa nzima. Chipu kubwa ya katikati, ile iliyoongezewa volti na shemeji, ilikuwa inaitika. Iliyokufa ilikuwa moja kati ya chipu ndogo za kumbukumbu zilizoizunguka, ambazo shemeji hakuzigusa.

"Hizi ndogo," alisema, "kwenye kadi za namna hii hazina kipimo chao. Zikipata moto hakuna anayejua. Zinaishi kwa upepo wa feni." Ndipo alipogeuza feni kwa kidole, ikagoma, akachukua kibano.

Nilichukua uzi, nikaubana katikati ya kurasa za daftari, mahali palepale palipoandikwa "Alhamisi. Mama amefika."

Nyumbani kwa mama hakuna haja ya kubisha. Alikuwa kibarazani, anafuma. Niliweka uzi juu ya goti lake. Aliuangalia, akalinganisha na ule uliokuwa mkononi mwake, kwa makini ya mtu wa kazi.

"Huu ni wa kile chenye maua," alisema. "Nilikikuta kimefumuka kona moja. Uliupatia wapi?"

"Ndani ya mashine ya mwanao. Feni iliunyonya kupitia matundu."

Akauviringisha ule uzi kidoleni, akasema, "Ile mashine ilikuwa uchi, na vumbi la Uyole unalijua. Televisheni hii ina kitambaa tangu hamjaolewa. Imewahi kuungua?"

"Mama, ulikiweka lini?"

"Ijumaa. Nakitoa akikaa kufanya kazi, nakirudisha akiondoka. Jumapili nilikirudisha tukiwa tunatoka."

"Na uliporudi kanisani?"

"Nilikuta panatoka moto kama kwenye chungu cha mikate. Nikakitoa. Nikakiweka kwenye begi."

"Kioo kilikuwa kinawaka?"

"Kilikuwa kinawaka. Nyumba ilikuwepo, nzuri tu. Na vidoti vidoti vya zambarau huku juu. Nikasema, yule bwana wa Madibira kaweka maua mpaka kwenye bati." Aliishika sindano yake ya kufumia bila kuisogeza. "Halafu ikazima. Nikaenda kubandika maji."

"Na tulipokuwa tunamlaumu mkwe wako, mbona hukusema?"

"Mlikuwa na uhakika sana," mama alisema. "Wewe hasa. Ulikuwa unaandika."

Nilimpigia mdogo wangu, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio. Akampa mumewe simu. Nilijiandaa kuomba radhi, jambo ambalo sikuwa nimemfanyia mtu huyo hata mara moja, lakini alinitangulia.

"Nilikiona, shemeji. Kile kitambaa. Jumamosi nilikikunja mbele ili feni zipate hewa. Nilipopita tena nikakuta kimenyooshwa."

"Ukanyamaza?"

"Sasa mama mkwe utamwambiaje ondoa kitambaa chako? Wewe ungemwambia?"

Kwa sentensi hizo mbili alikuwa karibu kuwa mtu wa kuheshimika. Angekata simu hapo ningemheshimu mpaka leo. Badala yake aliendelea kwa muda mrefu kueleza kwamba sasa imethibitishwa volti haiui, kwamba wenzake wa kwenye simu walisema hivyo tangu mwanzo, na kwamba baridi ya Uyole ingetosha kabisa kama isingekuwa kitambaa. Fundi hakuwa amethibitisha chochote cha namna hiyo. Nilipomrudia na maelezo ya mama, alisema vidoti vya zambarau ni dalili ya chipu ya kumbukumbu inayokufa, na kwamba volti iliyoongezwa ilizidisha joto la kadi nzima, kitambaa kikalifungia ndani, na kadi ikajipunguzia mwendo mpaka saa tano zikatoa picha tatu tu. Kwamba labda bila volti kitambaa peke yake kisingetosha, na labda bila kitambaa volti ingechukua miaka. "Ungetaka jibu," alisema, "ungekuwa na kadi mbili, moja ya volti tupu na moja ya kitambaa kitupu." Akafunga boksi la viatu.

Mdogo wangu aliijaza fomu kwa mkono wake. Swali la kwanza: ndiyo. Swali la pili: ndiyo. Chini yake aliandika maelezo ya ukurasa mzima, volti, tarehe, kitambaa, uzi, chipu iliyokufa, akatia saini akijua anasaini kurudi kwenye mistari, akaituma Dar es Salaam pamoja na kadi. Mkulima wa Madibira alishaambiwa kwamba picha tano zilizobaki hazitakuja, akasema basi ndugu zake watakisia.

Wiki tatu baadaye basi lilileta kifurushi. Ndani kulikuwa na kadi mpya ya aina ileile, na fomu ya mdogo wangu ikiwa imekunjwa vilevile alivyoikunja yeye, na muhuri mmoja kwa nje: IMEBADILISHWA. Hakuna aliyeifungua. Alipiga simu kuwaambia. Kijana yuleyule akamwambia, "Dada, kadi si umepata?" akakata. Nimekutana na uzembe mwingi katika kazi yangu, lakini sijawahi kuuona ukitoa haki kwa namna hiyo, na sijui kama naweza kuudharau.

Kadi mpya haijaongezewa volti. Mdogo wangu ameifuta ile programu, na shemeji amepigwa marufuku kukaa kwenye kiti kile. Mama hajaenda Mbeya, na kile kitambaa chenye maua kiko Iringa juu ya redio, kimeshonwa kona yake. Kisanduku cha umeme ni kilekile, mtaa ni uleule, na saa za jioni taa bado zinageuka njano. Picha za Madibira zimekamilika zote nane.

Jumanne iliyopita, asubuhi, hewa ikiwa ya baridi na feni zinazunguka vizuri, mdogo wangu alinitumia picha ya kioo chake. Juu ya bati la nyumba ya mteja mwingine, kona ya kushoto, kuna vidoti vitatu vya zambarau.